Mahakama ilimwondoa, kura zikamrudisha: matokeo ya uchaguzi wa Tower Hamlets

Ndugu zetu wanaoishi London wanapotuletea habari za uchaguzi wa huko, sisi huku kwa kawaida tunauliza swali moja tu: nani alishinda? Kuhusu komine ya Tower Hamlets, mashariki mwa London, jibu ni fupi. Tarehe 5 mwezi wa tano 2022 Lutfur Rahman alichaguliwa kuwa meya, na chama chake kinachoitwa Aspire kikapata viti 24 kati ya viti 45 vya baraza.

Lakini jibu hilo linaficha zaidi ya linavyoeleza. Mtu huyo huyo alikuwa ameondolewa katika kiti hicho hicho na mahakama miaka saba kabla. Ushindi wake wa mwaka 2014 ulifutwa, naye akakatazwa kugombea kwa miaka mitano. Na kati ya makosa yaliyotajwa na hakimu kulikuwa na moja linalotugusa sisi watumishi wa makanisa kwa namna ya pekee: kutumia mamlaka ya dini ili kumsukuma mpiga kura. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza matokeo haya kwa urefu kidogo.

Kwanza tuseme hii komine ni ya namna gani. London imegawanywa katika komine 32, pamoja na eneo dogo la kale la City lenye utawala wake. Tower Hamlets iko karibu kabisa na City hiyo, kando ya mto Thames. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilikuta humo watu wapatao 310,000, wakiwa wamesongamana kuliko mahali pengine popote katika Uingereza. Ndani yake kuna Canary Wharf, majengo marefu ya mabenki makubwa ya dunia, na chini ya majengo hayo kuna nyumba za familia ambazo umaskini wa watoto wao ni kati ya ule mkubwa kabisa nchini. Zaidi ya theluthi moja ya wakaaji wana asili ya Bangladesh. Waislamu ni karibu 40 kwa mia, Wakristo karibu 22 kwa mia.

Kumbe wageni si jambo jipya huko. Katika barabara ya Brick Lane kuna nyumba ya ibada iliyojengwa mwaka 1743 na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, wale wanaoitwa Wahuguenot. Baadaye ikawa kanisa la Wamethodisti, kisha sinagogi la Wayahudi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti. Kuta ni zile zile. Kila kundi lililofika maskini likakaa, likafanya kazi ya nguo, likapata nafasi yake, likahamia mbele. Wabangladeshi ndio waliokaa muda mrefu wa kutosha na kwa wingi wa kutosha hata kura zao zikaweza kuamua nani anaongoza komine nzima.

Kazi ya komine ya huko si ndogo. Baraza linashughulika na takataka, nyumba za kupangisha kwa watu wenye mapato madogo, matunzo ya wazee na ya watoto walio hatarini, maktaba, barabara ndogo, na vibali vya ujenzi. Polisi na hospitali haviko mikononi mwake. Katika komine nyingi za London madiwani, yaani washauri wa komine, huchagua kiongozi kati yao wenyewe. Tower Hamlets ni tofauti. Mwaka 2010 wakaaji waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka meya achaguliwe na watu wote moja kwa moja, wakakubali. Mwaka 2021 wakaulizwa tena, wakakubali tena kwa wingi mkubwa. Kwa hiyo meya wa huko ana nguvu nyingi: yeye ndiye anayepanga bajeti na kuteua wasaidizi wake, na baraza linaweza kumzuia katika mambo machache tu. Hapo ndipo vita vyote vya kisiasa vya komine hii vinapoanzia.

Rahman alizaliwa Bangladesh, akakulia London, akawa mwanasheria na diwani wa chama cha Labour. Mwaka 2010 Labour walimwondoa katika nafasi ya mgombea wao. Akagombea peke yake, akashinda. Mwezi wa tano 2014 akashinda tena kwa kura 37,395, dhidi ya 34,143 za John Biggs wa Labour. Kuhesabu kura kulikuwa vurugu tupu, kukaendelea kwa siku kadhaa.

Sheria ya Uingereza inampa mpiga kura wa kawaida haki ya kupinga matokeo mbele ya mahakama maalumu ya uchaguzi, mradi afanye hivyo ndani ya siku 21. Wapiga kura wanne wa Tower Hamlets walifanya hivyo. Si chama kilichofungua mashtaka wala si serikali; ni raia wanne, nao waliingia katika hatari ya kulipa gharama kubwa kama wangeshindwa. Jambo hili tunaomba msomaji alikumbuke, maana mara nyingi tunasema kwamba mtu mdogo hana la kufanya mbele ya matokeo yaliyotangazwa.

Tarehe 23 mwezi wa nne 2015 hakimu Richard Mawrey alitoa hukumu ndefu. Alisema uchaguzi wa meya ulikuwa na makosa ya udanganyifu na ya kuvunja sheria, mengine yaliyofanywa na Rahman mwenyewe, mengine na watu wake. Kura zilipigwa kwa majina ya watu wengine. Kura za posta zilichezewa. Misaada ya komine ilipelekwa kwa mashirika kwa namna ya kununua kura. Biggs alisingiziwa kuwa mbaguzi wa rangi. Uchaguzi ukafutwa, na mwezi wa sita mwaka huo Biggs akachaguliwa katika uchaguzi wa marudio. Rahman alikana makosa hayo wakati wote. Polisi nao walichunguza, lakini hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Tunayasema yote mawili kwa sababu ni lazima yasemwe pamoja, ingawa wapenzi wake hukumbuka la pili tu na wapinzani wake la kwanza tu.

Sasa tufike kwenye lile linalotuhusu. Siku chache kabla ya kura ya 2014, gazeti moja la lugha ya Kibengali lilichapisha barua iliyotiwa sahihi na viongozi wa dini 101, maimamu na wasomi wa Kiislamu, ikiwahimiza watu wamchague Rahman. Hakimu aliona kwamba Mwislamu mwaminifu akisoma barua ile angeelewa kwamba kumchagua Rahman ni wajibu wake wa kidini, na kwamba kufanya kinyume ni kukosa mbele za Mungu. Hilo sheria inalikataza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka mia moja kwa uchaguzi wa Uingereza kufutwa kwa kosa kama hilo.

Msomaji asidhani kwamba sheria ile ilitungwa dhidi ya Waislamu. Ilikuwapo tangu karne ya 19, na waliokuwa wakiangaliwa wakati ule walikuwa mapadre wa Kikatoliki katika Ireland. Mwaka 1892, katika jimbo la Meath, askofu aliandika waraka ukasomwa makanisani, akiwafundisha waumini kwamba hawawezi kuwa Wakatoliki wema huku wakiunga mkono kundi fulani la kisiasa. Mahakama ilifuta chaguzi mbili kwa sababu hiyo. Hakimu Mawrey alizirudia kesi hizo za Ireland alipoamua habari ya Tower Hamlets.

Je, mchungaji au imamu hana haki ya kusema neno juu ya siasa? Anayo. Hakimu mwenyewe alikubali kwamba kiongozi wa dini ni raia, anaweza kuwa na chama, anaweza kusema waziwazi nani anampendelea. Mpaka uko mahali pengine. Kusema “mimi nitamchagua huyu, na sababu zangu ni hizi” ni sawa. Kusema “Mungu anakudai umchague huyu, na usipomchagua umemkosea yeye” ni kuchukua kitu kilicho ndani ya dhamiri ya mtu na kukitumia kama fimbo. Aliyetishwa kwa fimbo ya mti anaweza kwenda polisi. Aliyetishwa kwa jehanamu ataenda wapi?

Lakini hukumu hiyo haikupendwa na wote. Wengi, hata kasisi mmoja wa Kianglikana wa London aliyeandika gazetini, walisema kwamba barua ile haikumtishia mtu, na kwamba hakimu aliwatazama waumini wa Kibangladeshi kama watoto wasioweza kufikiri wenyewe. Walikumbusha pia kwamba makanisa yamesimama mara nyingi katika siasa, na hatuwalaumu wahubiri waliopinga utumwa au ubaguzi. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ina uzito. Kuna tofauti kati ya kuhubiri juu ya jambo na kuhubiri juu ya jina la mtu aliye kwenye karatasi ya kura, lakini tofauti hiyo ni nyembamba kuliko tunavyopenda kuamini, na kila mchungaji aliyewahi kualika mgombea asalimie kusanyiko siku ya jumapili anaijua. Bunge la Uingereza lenyewe liliandika upya maneno ya sheria hiyo katika sheria ya uchaguzi iliyopitishwa mwezi wa nne 2022. Shinikizo la kiroho lisilo la haki limebaki humo kuwa kosa.

Miaka mitano ya kukatazwa ikaisha. Rahman akarudi.

Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na karatasi mbili: moja ya meya, moja ya madiwani wa kata. Kwa meya, mpiga kura aliweka alama mbili, chaguo la kwanza na chaguo la pili. Kama hakuna anayevuka nusu ya kura za kwanza, wagombea wote wanaondolewa isipokuwa wawili wa mbele, kisha wale waliochagua walioondolewa wanaangaliwa: chaguo lao la pili ni nani? Kura hiyo inahamia kwake, kama ni mmoja wa wale wawili. Rahman alipata kura za kwanza 39,533, karibu 47 kwa mia. Biggs, aliyekuwa meya, alipata 27,894. Kura za pili zilipohesabiwa, Rahman aliongezewa 1,271 tu, Biggs 5,593. Mwisho ukawa 40,804 kwa 33,487.

Tarakimu hizo zinasema jambo. Waliomtaka Rahman walimtaka toka mwanzo. Wasiomtaka kama chaguo la kwanza, wachache sana walimkubali kama la pili. Komine ilikuwa imegawanyika kweli kweli, ila upande mmoja ulikuwa mkubwa zaidi na ulijitokeza. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na haki ya kupiga kura walibaki nyumbani.

Katika baraza mageuzi yalikuwa makali zaidi. Mwaka 2018 Labour walikuwa wameshinda viti 42 kati ya 45. Mwaka 2022 wakabaki na 19. Aspire 24, Conservative 1, Green 1. Na ajabu ni kwamba katika uchaguzi ule ule Labour walikuwa wakishangilia mahali pengine pa London: walitwaa Westminster, ambayo Conservative walikuwa wameishika tangu komine hiyo ilipoundwa mwaka 1964, wakatwaa na Wandsworth, iliyokuwa ya Conservative tangu 1978. Upepo wa nchi uliwasukuma mbele, isipokuwa mashariki.

Kwa nini? Watu wa nje walijibu upesi: ni kura ya kabila. Hatukatai kwamba lilikuwapo. Madiwani wote 24 wa Aspire walikuwa wanaume wenye asili ya Bangladesh. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja, na hilo lililaumiwa kwa haki. Lakini jibu hilo peke yake ni la uvivu. Wabangladeshi hao hao, miaka minne kabla, walikuwa wameipa Labour karibu viti vyote. Kulikuwa na barabara. Utawala wa Biggs ulifunga njia kadhaa za mitaa kwa magari, hasa upande wa Bethnal Green, ili kupunguza moshi na kelele. Wengine walifurahi, madereva wa teksi, wenye maduka na familia zenye wagonjwa wa kubeba wakakasirika. Rahman aliahidi kuzifungua. Kulikuwa na pesa za vijana: aliahidi kurudisha msaada kwa wanafunzi wakubwa na wale wa chuo kikuu. Aliahidi chakula cha bure shuleni. Na kulikuwa na jeraha la 2015. Wengi walihisi kwamba mahakama haikumhukumu Rahman peke yake bali iliwahukumu wao, kwamba kura zao zilikuwa za uongo na imani yao ni ya watu wa kusukumwa. Mwenye jeraha kama hilo akipewa karatasi ya kura, anajua la kufanya nayo.

Ahadi ya chakula ilitimizwa. Mwezi wa tisa 2023 Tower Hamlets ikawa ya kwanza Uingereza kuwapa chakula cha bure wanafunzi wote wa shule za sekondari hadi umri wa miaka 16, bila kuuliza mzazi ana mapato gani. Kwa upande mwingine, mwezi wa kumi na moja 2024 serikali kuu ilitoa ripoti ya wakaguzi iliyolaumu namna maamuzi yanavyofanywa na kundi dogo la watu wanaomzunguka meya, ikatuma wajumbe wake kusimamia marekebisho. Kwa hiyo yule aliyempenda ana sahani ya mtoto wake ya kuonyesha, na yule aliyemwogopa ana ripoti. Kipindi walichopewa meya na madiwani hao kilikuwa cha miaka minne, hadi mwezi wa tano 2026.

Huku kwetu Congo, mwezi wa kumi na mbili 2023 tuliona kwa mara ya kwanza karatasi za kuchagua washauri wa komine katika miji mikuu ya mikoa. Ndugu wengi walituuliza kama mshauri wa komine ana kazi yoyote. Habari ya Tower Hamlets inaonyesha kwamba anaweza kufunga barabara yako au kumlisha mwanao, kama komine ina bajeti na inaitumia.

Imebaki neno moja kwa Wakongomani walio London, maana wengi hawalijui. Katika uchaguzi wa komine za Uingereza, mpiga kura si lazima awe na pasipoti ya nchi hiyo. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi huko kwa makaratasi halali anapiga kura. Bangladesh iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 1972, na ndiyo maana hata Mbangladeshi ambaye hajapata uraia alikuwa na kura yake. Mkenya, Mtanzania na Mganda wanayo pia. Mnyarwanda anayo, kwa kuwa Rwanda iliingia mwaka 2009. Mkongomani hana, wala Mrundi. Mama wa Bukavu na mama wa Kigali wanaweza kupanga nyumba moja Tower Hamlets, wakalipa kodi ile ile ya komine, na siku ya kura mmoja akaenda, mwingine akabaki na watoto.

Mkongomani anaanza kuwa na haki hiyo anapopata uraia wa Uingereza. Hapo ni lazima ajiandikishe mwenyewe. Haiji yenyewe pamoja na pasipoti. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, na anaweza kufanya hivyo kwa intaneti. Tangu mwaka 2023 ni lazima pia kuonyesha kitambulisho chenye picha kituoni, na asiye nacho anaweza kuomba cheti cha mpiga kura, ambacho hutolewa bure. Utaratibu wa chaguo la kwanza na la pili uliondolewa na sheria ya 2022: kwa meya mpiga kura akatakiwa kuweka alama moja tu, na mwenye kura nyingi akawa mshindi, hata asipofika nusu.